Fundi Milimita na Mlango wa Kushoto

Ndugu, jamaa na marafiki, poleni na safari, na asanteni kwa kuja. Haya mtakayoyasikia yalisemwa na marehemu mwenyewe, kidogo kidogo, mwezi wa nane mwaka huu, akiwa ameegemea mto kitandani na binti yake mkubwa akiandika. Binti alianza kama wasifu nyingi zinavyoanza: marehemu alikuwa mpole, mcheshi, mtu wa watu. Mzee akamwambia, "Futa. Mpole ni mama yako. Andika nilikuwa na kijicho."

"Baba, hayo hayaandikwi kwenye wasifu."

"Kwani mnataka kumzika mtu mwingine?"

Basi yameandikwa alivyotaka, na yanasomwa na huyo huyo binti aliyeyaandika, akiongeza ya siku za mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mpiga bati aliyetengeneza ndoo, makarai na mifereji ya paa, na wa mama aliyefua mashuka ya hospitali. Kwa miaka minne na ushee alikuwa peke yake, na alipenda kusema kwamba hiyo ndiyo miaka aliyonenepa. Tarehe 2 Agosti 1955 akazaliwa mdogo wake, ambaye nyote mnamjua kwa jina la Kidole, na ambaye leo amekaa hapa mbele karibu na shemeji yake.

Jina la Kidole lilianza hivi. Mwaka 1964 baba yao aliwapa kila mmoja kipande cha bati na kisanduku, akawaambia watengeneze vifuniko. Marehemu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alichukua rula na penseli, akapima marefu, akapima mapana, akaandika kwenye karatasi, akakata. Kazi ikamchukua nusu siku. Mdogo wake, mtoto wa miaka tisa, alipitisha kidole ukingoni mwa kisanduku mara tatu huku amefumba macho, akakata, akagonga kidogo hapa na pale. Baba akafunga kifuniko cha mkubwa, kikafunga. Akafunga cha mdogo, kikasema *tup*, kama mtu aliyebusu shavu. Baba hakusema neno baya juu ya kile cha marehemu. Alisema, "Kizuri." Kisha akakibeba kile cha mdogo, akaenda kumwonyesha jirani.

Marehemu alikumbuka mpaka rangi ya mlango wa yule jirani. Jioni ile ile alichukua nyundo ya mbao ya mdogo wake akaifukia ndani ya pipa la unga. Mama yao aliikuta siku mbili baadaye alipokuwa anachota unga wa chakula cha jioni. Hakuuliza ni nani. Aliipangusa, akamkabidhi mwenyewe, akamtazama mkubwa na kusema, "Wewe utakula kesho." Hiyo ndiyo njaa ya kwanza aliyoijua marehemu kwa sababu ya wivu, na alikiri kwamba haikumfunza kitu.

Alisoma shule ya msingi mpaka darasa la saba akamaliza mwaka 1967, wa pili katika darasa la watoto arobaini na sita. Aliyekuwa wa kwanza, hakumsahau wala kumsamehe. Mwaka 1968 alijiunga na chuo cha ufundi, fani ya bodi za magari na uchomeleaji, akahitimu Novemba 1971 na cheti cha daraja la kwanza. Huko chuoni wenzake walimpa jina la Milimita, kwa sababu hata sabuni aliigawa kwa rula. Yeye jina hilo alilipenda. Kidole kwa wakati huo alikuwa ameacha shule na kukaa na baba yao kibandani, na kila marehemu aliporudi likizo alikuta kijana amejua jambo jipya ambalo hakuna kitabu kilichomfundisha. Marehemu alikuwa akitundika cheti chake ukutani, baba anakitazama, anasema, "Kizuri." Neno lile lile.

Kuanzia Januari 1972 aliajiriwa katika karakana ya kampuni ya mabasi, akapanda mpaka msimamizi wa kitengo cha bodi. Hapo hakuwa na mtu wa kushindana naye, na wenzake wa wakati ule wanamkumbuka kama bosi mwenye haki na mwenye utani. Baba yao alifariki mwaka 1983. Kabla ya kufa aliwaomba wafanye kazi pamoja, na tarehe 1 Machi 1984 wakafungua gereji yao katika barabara ya nyuma ya soko la mbao. Walikodi banda la mabati lenye sakafu ya saruji, na bango walilichora wenyewe: NDUGU WAWILI, BODI NA RANGI. Marehemu ndiye aliyepokea wateja, kuandika makubaliano na kupima. Mteja alikuwa akimsikiliza mpaka mwisho, anatikisa kichwa kwa adabu, kisha anachungulia nyuma ya bega lake na kuuliza, "Na yule mwingine yupo?"

Miaka kumi na miwili ya swali hilo! Wahenga walisema hasidi hana sababu. Marehemu alisema yeye sababu alikuwa nayo, na ilimwita kaka kila asubuhi na kumletea chai.

Kwa upande wa ndoa, Mungu alimjalia. Tarehe 2 Septemba 1978 alimuoa mshonaji wa nguo aliyekuwa na cherehani yake dirishani mkabala na kituo cha mabasi. Alikuwa amempelekea suruali ipunguzwe kiuno, akamkabidhi na karatasi ya vipimo aliyoiandika mwenyewe. Mama yetu akaikunja ile karatasi, akaiweka pembeni na kusema, "Vaa nikuone." Siku ya harusi Kidole alitoa hotuba fupi, na bibi harusi akacheka mpaka akashika mbavu. Marehemu alinuna kuanzia keki mpaka picha. Ndiyo maana katika picha ile ya ukutani, ambayo wengi mmeiona mkafikiri ni heshima ya enzi zile, bwana harusi hana tabasamu. Mama alimwambia wakiwa ndani ya gari, "Nimecheka kwa sababu kanichekesha. Nimeolewa na wewe kwa sababu nimekutaka. Ni vitu viwili hivyo." Waliishi pamoja miaka arobaini na mitano na wakajaliwa watoto watatu.

Sasa tunafika kwenye gari.

Mwezi wa pili mwaka 1996 alikuja gerejini daktari wa meno, mama mstaafu, akifuatwa na lori la kuvuta. Nyuma ya lori palikuwa na gari la mwaka 1969, la milango miwili, boneti ndefu kama meza ya mkutano, injini ya silinda nane. Ni magari yale yaliyojengwa kwa ajili ya nguvu na mbio, ambayo vijana huita magari ya misuli. Lilikuwa la marehemu mume wake. Lilikuwa limelala chini ya turubai miaka kumi na minne, na kutu ilikuwa imekula fenda, sehemu za chini za milango, na mbavu zote mbili za nyuma. Daktari alikuwa ameagiza mabati mapya kutoka ng'ambo, na yalikuja mwezi wa tano ndani ya makreti ya mbao, yamepakwa rangi nyeusi ya kuzuia kutu.

"Mimi nimetazama mianya midomoni mwa watu miaka thelathini na mmoja," aliwaambia. "Mwanya mbaya sihitaji rula kuuona. Nataka milango yake iwe na mwanya mmoja, juu mpaka chini."

Akatazama nyuma ya bega la marehemu.

Kabla hajauliza, marehemu akasema, "Tuko wawili. Kila mtu atachukua upande wake. Mimi kulia, mdogo wangu kushoto."

Kidole alicheka akidhani ni utani. Walikuwa hawajawahi kufanya gari kwa mtindo huo. Lakini kaka yake alikuwa ameshachora mstari wa chaki sakafuni, toka bampa ya mbele mpaka ya nyuma.

Kwa wasiojua kazi hii: bati jipya la bodi halikai lenyewe kama kofia. Hata likija limeandikwa jina la gari lile lile, limekandamizwa na mashine nyingine, miaka mingi baadaye, na litatofautiana kidogo kila pembe. Ukilichomelea upesi, kosa dogo la nyuma litahamia mlangoni, la mlangoni litahamia kwenye fenda, la fenda litaishia kwenye boneti, na mwisho gari zima limepinda mdomo. Kidole alijua hilo kwa mikono yake. Alitundika kila kitu kwanza bila kuchomelea hata nukta. Bati la ubavu alilishika kwa vibanio na skrubu ndogo, akarudisha mlango kwenye bawaba zake, akaweka fenda, akashusha boneti. Akafungua, akafunga. Akalegeza, akasogeza, akafunga tena. Wiki tatu nzima upande wa kushoto ulikuwa unafunguliwa na kufungwa kama mlango wa duka.

Marehemu alikuwa na kitabu cha kiwanda chenye vipimo vyote vya gari lile. Alipima kwa kitabu, akakata kwa kitabu, akachomelea. Siku ya tano ubavu wake wa kulia ulikuwa umekamilika, safi, mshono wa kuchomelea umenyooka kama mstari wa daftari. Akarudisha mlango. Juu ulibana, chini ukaacha mwanya wa kuingia kidole gumba. Kitabu hakikukosea. Kilichokosea ni bati, ambalo halikuwa limekisoma kitabu. Alihangaika na bawaba siku kumi. Kila akigeuza shingo, anasikia upande wa pili ule mlango wa mdogo wake, ukizidi kufunga taratibu kila siku, mpaka Jumamosi ya tarehe 15 Juni ukasema *tup*.

Marehemu aliiweka chini spana ya bawaba. Alisema alisikia sauti ya baba yao ikisema "Kizuri", na hakujua ilikuwa inamwambia nani.

Jumamosi hiyo Kidole alifurahi, akanunua soda za gereji nzima. Akaeleza mpango wake: Jumatatu ataondoa mlango ili cheche zisiharibu kioo, kisha atachomelea ubavu. Ili uwazi wa mlango usibadilike umbo wakati mlango haupo, alifunga mhimili wa chuma toka nguzo ya mbele mpaka ya nyuma, wenye nati ya kuurefusha na kuufupisha. Alipoukaza akachora alama ndogo ya chaki juu ya nati.

Jumapili saa tisa alasiri marehemu alimwambia mkewe amesahau miwani gerejini. Mkewe alimtazama akiondoka. Miwani alikuwa ameivaa.

Alifungua banda, akaenda upande wa kushoto, akavuka mstari wake mwenyewe wa chaki. Akageuza nati mizunguko miwili na nusu, mhimili ukafupika na uwazi wa mlango ukapungua. Alijua hesabu yake vizuri: mizunguko miwili na nusu ya nati ile ni milimita tano. Alikaa hapo chini, spana mkononi, labda nusu saa. Alimwambia binti aandike kwamba nusu saa ile yote alikuwa na nafasi ya kuirudisha. "Andika hivyo. Wasije wakasema shetani alinisukuma. Shetani hakuwepo. Nilikuwa peke yangu."

Jumatatu tarehe 17 Kidole aliondoa mlango, akauamini mhimili wake, akachomelea siku mbili mfululizo. Jumatano akarudisha mlango. Ukagonga ubavu ukagoma. Akajaribu tena, ukakwaruza bati jipya mpaka chini. Na kwa bahati mbaya daktari alikuwa ameshafika kuona, na pale palikuwa na fundi rangi, fundi viti, na wateja wawili.

"Fundi, mbona umebana?" daktari aliuliza.

Kidole aliinama mlangoni. Alikuwa anapitisha kidole kwenye mwanya, juu, chini, juu tena, kama mtu anayepapasa taa gizani. Marehemu ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Nilimwambia apime, mama. Vidole si rula. Ameharibu gari la watu."

Kidole aliinuka. Akauokota mhimili uliokuwa umelala kando ya ukuta, akaitazama ile nati. Alama ya chaki ilikuwa imeangalia upande mwingine. Akamtazama kaka yake, akaitazama tena nati, kisha akaulaza mhimili chini polepole.

"Nimeelewa, kaka," alisema. Akafuta mikono, akachukua nyundo yake ya mbao, akatoka. Hakurudi tena.

Wiki ile ile mtaa mzima wa mafundi ulijua kwamba Kidole ameharibu gari la daktari. Marehemu hakulisema jambo hilo zaidi ya mara ile moja. Hakuwa na haja; maneno yana miguu. Kwa karibu miaka miwili watu walimkwepa mdogo wake. Alipata kazi za kunyoosha bampa na kuziba matundu, kazi za mwanafunzi, akiwa na miaka arobaini na moja.

Upande wa kushoto marehemu aliukata wote na kuanza upya, mara hii kwa kuning'iniza kwanza kama alivyoona mwenzake akifanya. Gari likaelekea kwenye rangi. Fundi rangi alipoondoa mlango wa kulia, ule wa marehemu, ambao ghafla wiki ile ya mwisho ya Kidole ulikuwa umekubali kufunga vizuri, vikadondoka vibati vitatu vyembamba toka nyuma ya bawaba. Vilikuwa vimekatwa kwa mkono, kingo zimelainishwa, kila kimoja na unene wake.

"Nani kaweka hivi?" marehemu aliuliza.

"Nani kama si mdogo wako?" fundi rangi alisema. "Jumanne ile kabla hajaondoka, ulipokwenda kuchukua gesi. Aliniambia nisikwambie, eti utakasirika."

Na kweli alikasirika. Mtu anaweza kufikiri hapo moyo ungelainika. Marehemu alisisitiza tuandike ukweli: moyo ulizidi kuwa mgumu. Mpaka hapo alikuwa anamwonea wivu mdogo wake kwa mikono yake. Toka siku ile akamwonea wivu hata kwa roho yake. Akavirudisha vile vibati mahali pake kwa sababu bila vyenyewe mlango haukufunga, na gari likaondoka likiwa linang'aa, na watu wakampongeza.

Kidole hatimaye alisimama. Mwaka 1998 alifungua gereji yake upande wa pili wa mji, karibu na mnara wa maji, na kwa kuwa kazi njema hujisemea, magari yakaanza kumfuata. Kulikuwa na duka la mkate hatua hamsini toka mlangoni kwa marehemu. Lakini mkate alikuwa akiununua kule kwenye mnara wa maji, dakika arobaini kwenda, dakika arobaini kurudi. Mkewe hakumuuliza sababu. Alikuwa akipokea mkate na kusema, "Umepoa. Magari mangapi leo?"

"Saba," marehemu alikuwa akijibu, akivua viatu. "Na moja ni la milango miwili."

Mwanawe wa kiume, aliyependa chuma kabla hajahamia kwenye umeme, aliomba kwenda kujifunza kwa baba yake mdogo. Marehemu alimjibu, "Nenda. Ila ukirudi usiniambie alichokufundisha." Siku tatu hakupata usingizi. Siku ya nne akamwita kijana sebuleni, akafunga mlango. "Haya, kakufundisha nini?"

Mama yao mzazi aliishi katikati ya ukimya huo mpaka Aprili 2004. Aliwahi kuwaambia, "Mmenyonya ziwa moja, leo mnagawana hata salamu." Siku ya kumzika walisimama kila mmoja upande wake wa kaburi. Wengi wenu mlikuwepo.

Ugonjwa ulianza Februari 2018. Mkono wa kulia ulitetemeka alipokuwa anashika rula. Alifikiri ni uchovu. Tarehe 30 Septemba mwaka huo alifunga gereji. Mwaka uliofuata madaktari walisema ni ugonjwa wa neva usio na tiba, ila wa kutulizwa. Marehemu hakulia kwa ajili ya miguu wala sauti. Alilia siku aliyoshindwa kusoma mistari midogo ya rula kwa sababu haikutulia.

Tarehe 8 Julai 2020, asubuhi, alimwomba mkewe ampeleke kwenye mnara wa maji. Mkewe akasema, "Mkate upo." Akasema, "Si mkate."

Walimkuta Kidole ameshika fenda jipya dhidi ya gari, skrubu mdomoni. Miaka ishirini na minne. Walikuwa wamezeeka wote, mmoja amenenepa, mwingine anatetemeka. Marehemu alikuwa amejiandalia maneno mengi, lakini alipofungua mdomo yalitoka machache.

"Ile nati niliigeuza mimi."

Kidole akatoa skrubu mdomoni. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatano ile ile. Niliweka alama ya chaki."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungekana. Ningekuwa na kaka mwenye wivu na kaka mwongo. Nikaona mmoja anatosha."

Marehemu akauliza kama amesamehewa. Kidole alilitazama fenda mikononi mwake. "Sijui, kaka. Nilikuwa na hasira mpaka zikazeeka. Mke wangu aliuza kitanda chetu mwaka ule. Siwezi kukuambia haikuwa kitu." Kisha akasema, "Hili limenishinda kulishika peke yangu. Njoo hapa. Egemea tu kwa bega, mkono achana nao."

Akaegemea kwa bega. Mama anasema alisubiri ndani ya gari saa mbili, na hakuwahi kufurahia kusubiri kama siku ile.

Tangu siku hiyo, akiweza, marehemu alikwenda kukaa kwenye kiti pale gerejini mara tatu kwa wiki. Msidhani wivu uliisha. Alikuwa akirudi analalamika: "Leo kafunga boneti bila kupima, likakaa. Hivi anafanyaje?" Lakini sasa alikuwa anamwuliza mwenyewe, naye anamwonyesha. Ndugu wakipatana, hata wivu hupata kiti cha kukalia.

Marehemu alimwendea pia daktari wa meno nyumbani kwake, akamwambia yote. Mama yule alikuwa na miaka themanini na tisa. Alimsikiliza, akasema, "Basi nimemnyima mtu wa haki salamu yangu miaka yote hii," akaomba namba ya simu ya Kidole mara hiyo hiyo. Alipomaliza kuongea naye akamgeukia marehemu: "Mimi umeniambia. Na waliosikia ukipaza sauti, je?"

Alijaribu. Machi 2022, kwenye mkutano wa mafundi wa mtaa, aliomba nafasi, akasimama, watu wakanyamaza kumheshimu. Akatazama nyuso zile zote. Akasema, "Chai imepoa," akakaa. Aliporudi nyumbani hakula. Alimwambia mkewe kwamba mdomo ulibana juu na chini ukaacha mwanya. Ndipo alipoanza kusema kwamba atalisema siku ambayo hakuna atakayeweza kumtazama.

Kwa hiyo tunalisema sasa, kwa agizo lake na kwa maneno yake: "Gari la daktari halikuharibiwa na mdogo wangu. Niliharibu mimi, kwa mkono wangu, nikiwa na akili zangu timamu, kwa sababu mlango wake ulifunga na wangu haukufunga. Aliyewahi kumnyima kazi kwa ajili ya maneno yangu, ajue nilisema uongo. Na mlango wa kulia mliousifu, aliufunga yeye."

Mwezi wa kumi mwaka huu hali ilibadilika, akalazwa tarehe 21 Oktoba. Kidole alikuwa akienda kila asubuhi kumnyoa. Marehemu alimlalamikia binti yake kwamba wauguzi wanamchangamkia yule anayekuja kutazama kuliko mgonjwa mwenyewe. Akinyolewa anaomba kioo, anageuza shavu moja, anageuza la pili. "Kushoto umeacha ndevu." Kidole anarudi kushoto. Asubuhi ya Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023 hakuomba kioo. Aliacha uso wake mikononi mwa mdogo wake mpaka mwisho, akasema, "Kizuri," na Kidole akasema baadaye kwamba hakuwahi kusikia neno lile likisemwa vile. Saa nne na dakika arobaini alikata roho, mkewe akiwa ameshika mguu wake na mdogo wake akiwa bado na taulo begani. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Marehemu ameacha mke, mshonaji wetu. Binti mkubwa, mwalimu wa hesabu. Kijana wake, fundi umeme. Na kitinda mimba, muuguzi. Wakwe wawili, na wajukuu watano ambao wote aliwapima urefu mlangoni kila sikukuu ya kuzaliwa. Ameacha pia mdogo wake wa pekee. Familia inaomba kila mmoja wenu, kabla hajaondoka, ampe mkono. Msimpe wa pole tu. Wale mliokuwa mnaishi mtaa wa mafundi mwaka 1996 mnajua ni mkono gani mwingine mnaodaiwa.

Mungu ampokee fundi wetu. Leo hana tena wa kushindana naye. Apumzike kwa amani.